Hesi Kumi na Mbili

Pijo ya marehemu Mzee Oirere iliingia Barabara ya Kirinyaga
ikivutwa kwa kamba, Jumatatu, mvua ikinyesha.
Tangu mazishi ilikuwa Umoja, chini ya turubai,
na mjane wake akipita mbali nayo kama kisima kisicho na mfuniko.
Mwanawe akashuka, akaniambia: Fundi Mumbua,
ishushe. Ishushe mpaka kivuli kikose pa kulala.

Naijua Pijo hii. Naijua tangu enzi zake
za kupanda Rironi na magunia ya viazi, matako chini, pua juu,
ikiyumba kwenye kona kama mjamzito
asiyetaka kuharakishwa na mtu.
Springi zake ndefu zilimeza mashimo bila kutafuna.
Mzee alizoea kusema: barabara mbaya ni ya wengine.

Barongo hataki kumeza. Barongo anataka kuhisi.
Ameagiza miguu minne kutoka Dubai, imefungwa nailoni,
kila mguu una hesi na pete mbili:
zungusha pete kulia, gari lapanda;
zungusha kushoto, lashuka.
Kazi ya mtoto, akasema.
Kweli. Kuzungusha ni kazi ya mtoto.

Tukaishusha hesi ishirini.
Jumapili alfajiri tukaiteremsha Barabara ya Limuru,
na haki ya Mungu, kona za Muthaiga ilizipita
kama sinia la chai mkononi mwa mhudumu mzoefu.
Haikulala upande. Haikuchelewa kuitika:
unanong'ona na usukani, pua imeshafika.
Uzito umeshuka, umekaa karibu na lami,
kona haina pa kuishika iipindue.
Barongo alicheka kama mtu aliyelipwa deni.

Kisha tukaingia Kariobangi.

Tuta la kwanza liligonga tumbo.
La pili lilibaki na bomba la moshi.
Springi fupi haina nafasi ya kukosea:
ilifika mwisho wa safari yake, chuma kikagonga chuma,
na gurudumu, badala ya kulifuata shimo,
likaruka.
Hapo ndipo watu wasipoelewa.
Tairi lililo hewani halina breki.
Halina usukani. Halina hata jina.
Kufumba na kufumbua tulikuwa abiria wawili
ndani ya gari lisilo na dereva.

Wiki tatu, akarudi. Matairi ya mbele yamelika ndani tu,
nje bado mapya, kama viatu vya mtu anayekanyagia upande.
Usukani unavuta kushoto kila ukikutana na ufa.
Nikamwambia: ukibadilisha kimo, pembe zote zinahama,
na hukuniletea nizipime.
Akanyamaza. Nilidhani viatu vyake vina udongo wa makaburini.
Lilikuwa vumbi la Industrial Area.

Tukaanza upya. Jeki, spana ya ndoana, tochi mdomoni.
Hesi mbili juu. Zunguka mtaa. Rudi.
Hesi tatu juu. Zunguka. Rudi.
Nikalegeza shoki, maana ugumu si uimara,
na gari linalotetemeka haliishiki barabara, linaipapasa.
Kufikia saa kumi ilikuwa imesimama kimo kisichofaa picha:
vidole vitatu kati ya tairi na bodi.
Kwenye kona inainama kidogo,
kama mtu anayekusalimu bila kuondoka kitini.

Nikahesabu hesi chini ya pete, nikaandika kwa chaki ndani ya boneti:
kushoto kumi na moja, kulia kumi na mbili.
Mbona kulia zaidi? akauliza.
Kulia unakaa wewe. Una kilo tisini.
Kushoto hakuna mtu.

Aliitazama ile chaki hata tochi ikaanza kufifia.
Akaifuta kumi na moja kwa kidole gumba.
Weka sawa, akasema.
Mama amekubali kupanda.