Sentimita Themanini

Mimi ni mwandishi wa kumbukumbu,
wino wangu hauna chama.
Bodi ya Maji ya Oosterwier hukutana Jumanne,
ghorofani, juu ya duka la baiskeli,
na kahawa hufika kabla ya hoja.

Huku bahari iko juu, sisi tuko chini.
Si methali, ni kipimo:
ng'ombe wa Wubbo hula majani
mita mbili chini ya tumbo la samaki.
Ndiyo maana tumezoea kukubaliana.
Usipoelewana na jirani, mtazama wote,
na hata chini ya maji mtakuwa majirani.

Mwaka ule akasimama Sjoukje Haitsma,
mwalimu wa hesabu, mgeni barazani,
viatu vyake bado vina tope la tuta.
Mita mbili, akasema.
Tuta lipandishwe mita mbili,
kutoka kituo cha pampu hadi kanisani.
Si kwa ajili yetu.
Kwa ajili ya watu ambao hata majina bado hawana.

Kijiko kikagonga kikombe.

Wubbo akasema tuta pana hula ardhi,
na ardhi itakayoliwa ni yake.
Mwenye hoteli akasema wageni hulipia dirisha la bahari,
hawalipii ukuta wa nyasi.
Mhazini hakusema kitu;
aligeuza karatasi, ile yenye tarakimu nyekundu.
Ndipo Gerlof, mwenyekiti wetu, mtu laini,
awezaye kumpatanisha paka na kitoweo,
akakohoa:
"Tuseme themanini? Sentimita themanini?"

Namba hiyo haikutoka kwa mhandisi,
wala baharini.
Ilitoka katikati ya uchovu, saa nne na robo usiku,
kila mtu akiwa ameshavaa koti moyoni.

Mikono ikapanda.
Wa Sjoukje ukabaki mezani
kama glavu iliyosahauliwa.
Nikaandika: Imekubaliwa.

Nje, akifungua kufuli la baiskeli, akaniambia,
"Andika pia kwamba maji hayakuulizwa."
Nikamjibu fomu haina safu ya jambo hilo.
Nilimkasirikia, nakiri.
Angetaja mita moja na robo, pengine angeipata.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame,
nilijisemea njia nzima, upepo ukinisukuma kifua.
Ila mimi nimeinama hapa miaka kumi na tisa,
na siku nyingine sikumbuki
ni nini tulichokuwa tukitafuta mvunguni.

Tuta likajengwa. Themanini kamili, nyasi juu yake.

Januari ya tatu dhoruba ikaja kutoka kaskazini-magharibi,
usiku kucha pampu zikilia kama mgonjwa,
na maji yakapanda juu ya alama ya zamani:
hamsini, sitini na tano,
sabini na nne.
Yakasimama hapo. Yakatutazama. Yakarudi.

Jumanne Gerlof akaja na keki.
"Mnaona?" akasema, akikata vipande sawasawa,
"Mita mbili zingekuwa bado mahakamani."
Na ni kweli; Wubbo alikuwa ameshaajiri wakili.
Sjoukje akala keki yake.
Kisha akalaza vidole vitatu juu ya meza,
pamoja, bila neno:
sentimita sita.

Usiku huo nikafungua kabati, nikatafuta rasimu
ya kabla hajaingia yeye.
Bodi ilikuwa imepanga thelathini.
Thelathini, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Sikumwambia mtu.
Nilichofanya ni kidogo, na si halali:
kwenye kumbukumbu, chini ya
Wasiohudhuria bila udhuru,
niliandika: Bahari.

Mkutano uliofuata Gerlof akauliza kama kuna marekebisho.
Kurasa zikafunuliwa, kahawa ikamiminwa,
Sjoukje akainua macho, akanitazama, akayashusha.
Kumbukumbu zikathibitishwa kama zilivyo,
kwa kauli moja.