Gundi Haijakauka

Kibanda changu kipo Tononoka, nyuma ya duka la miwani.
Najalidi tasnifu. Jalada jeusi kwa uzamivu,
maruni kwa uzamili, herufi za dhahabu nazichoma mwenyewe
kwa pasi iliyonibabua kidole hiki. Mwaka wa kumi na tisa huu.

Sizisomi zote. Nani angeziweza?
Husoma ukurasa wa shukrani, nikitafuta
lile swali lilianzia wapi.
Haliandikwi. Yumo msimamizi, yumo mfadhili, mume mvumilivu,
Mwenyezi Mungu juu ya wote,
kisha sura ya kwanza hufungua na "Tafiti nyingi zimeonesha,"
kana kwamba mtu huamka alfajiri akapigwa kumbo na tafiti nyingi.

Lakini gundi haikauki upesi Mombasa.
Hewa yetu ina jasho, na jasho halina haraka.
Nawapa kigoda, nawapa kahawa chungu,
na saa ya pili ya kungoja, wanasema.

Mwanakhamisi wa kemia alikuwa na miaka tisa
nondo ya dirisha ilipomvunjikia mkononi, Mji wa Kale,
kutu imelainika kama haluwa.
Akailamba.
"Chumvi ya bahari," aliniambia, "imepanda ghorofa mbili
bila ngazi. Nilitaka kujua imepandaje."
Kurasa mia mbili na kumi. Kulamba hakumo.

Kenga wa hisabati, mama yake aliuza mahamri kwenye foleni ya feri, Likoni.
Alitazama shingo za watu, basi,
akajua feri itachelewa kiasi gani,
na unga akaukanda kwa hesabu hiyo.
Hakurudi nyumbani na hamri hata moja.
Kenga ana milinganyo sabini na kompyuta ya kukopa.
"Mama bado ananishinda," alisema. "Kwa mahamri sita."
Hakucheka, nami nikakimeza kicheko changu.

Mwalimu Mbwana, wa isimu, alikaa muda mrefu zaidi.
Nyanya yake alipigwa na kiharusi.
Maneno yakamtoka kama maji kwenye pakacha,
salamu, siku za juma, majina ya wajukuu,
yakabaki ya jikoni tu: kawa, kibia, mbuzi, upawa.
Akimtaka binti yake humwita Upawa.
Na binti yake huitika.
Mbwana akanyamaza, akatazama mlango.
Nikapaka gundi mahali pasipohitaji gundi.

Yuko na mmoja wa biashara aliyesema mada alipewa,
akaipokea kama mtu anavyopokea mafua.
Kitabu chake kilirudi mwezi uliofuata, mgongo umepasuka.
Nilikitengeneza bure.
Huenda ilikuwa gundi tu.

Mimi sikupita kidato cha pili.
Ila mwaka ule majalada arubaini yaliponiachia masika,
na wenyewe wakanisimamia hapa mlangoni na majoho yao,
nilianza kuandika nyuma ya kalenda ya duka la simiti:
tarehe, wingu, saa ya kupaka, saa ya kukauka.
Kaskazi, saa mbili na robo.
Kusi, nne.
Ramadhani, alasiri, hata kukiwa na jua kali, tano.
Tano! Nimehesabu miaka saba, tano haibanduki.
Nashuku vyungu. Mtaa mzima unachemsha futari kwa pamoja,
na mvuke lazima uende mahali.

Jana binti wa jiografia, Mwanaidi, aliipindua kalenda
akitafuta siku ya mahafali yake.
Akasoma. Akarudi ukurasa wa nyuma, akasoma tena.
"Msimamizi wako nani?"
Nikamwambia gundi haijakauka, keti.

Ramadhani ijayo nitapeleka jalada moja Kizingo kwa shemeji yangu,
nyumba chache, upepo mwingi, vyungu viko mbali.
Nitalipaka saa ile ile.
Shemeji ameuliza ni la nini.
Sijamjibu. Atanicheka, kisha ataanza kuchungulia.