Saa ya Dashibodi

Dalali wangu sijapata kumwona uso.
Namjua kwa sauti: kikohozi kifupi kabla ya bei,
"mama, hapo nimekupunguzia sana,"
na kwa picha yake ya wasifu, ambayo si yeye,
ni gari jeusi mbele ya ghorofa la mtu.

Mwezi wa tatu, zabibu za Hombolo zimeiva,
nilisimama katikati ya mistari ya mizabibu,
simu mkononi, mkasi mfukoni,
nikikagua kigari cha rangi ya maziwa kilichoko Japani.
Picha ishirini na sita. Tairi la akiba. Mkeka wa dereva
umelika kidogo pale kisigino kinapokaa.
Hapo ndipo nilipokipenda.
Aliyekanyaga hapo alikanyaga polepole.

"Jipya kabisa," akasema dalali.
Jipya, na lina miaka kumi na minne barabarani!
Lakini nami niliolewa na Mheta akiwa mgane,
na kwa shoga zangu nikamtangaza: mume mpya.

Nikamwambia, liwashe nilisikie.
Akatuma sekunde kumi na moja za muungurumo.
Nikafumba macho, nikasikiliza
kama nilivyotega sikio miaka thelathini
kwenye matumbo ya wajawazito wa Mvumi.
Mapigo yalikuwa sawa.

Lechipya, mwanangu, akapiga kutoka Ilazo:
"Mama, hao matapeli! Kiinua mgongo chote hicho!"
Mchungaji akaniombea bila kuombwa.
Jirani Nyemo akasema biashara ya kuonana kiooni
ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Nikalipa.

Siku tisa simu ya dalali haipatikani.
Siku tisa nikakata zabibu kwa hasira,
nikajikata na kidole,
nikapakia kreti kwenye guta hadi kwa mnunuzi,
naye akanipimia mchana kweupe, tukitazamana,
mzani wake umelalia upande wake.
Huyo nilimwona uso.
Haukunisaidia.

Siku ya kumi: kikohozi.
"Samahani mama, nililazwa. Gari limepakiwa, hati hizi hapa."
Na namba ya chasisi, tarakimu kwa tarakimu,
ile ile niliyoiandika nyuma ya kadi ya kliniki.

Sitasimulia ushuru. Ushuru una shairi lake,
na shairi hilo halina kituo.

Likapanda na kijana wa kukodi,
Gairo, Kibaigwa, Mbande,
likaingia Nkuhungu alfajiri ya Juni, upepo ukikata masikio,
vumbi limelitia hina hadi magotini.
Nikafungua mlango. Mwanamke ndani ya dashibodi
akaniamkia kwa Kijapani, kwa adabu zote.
Nikamwitikia, "Mbukwenyi."
Ningefanyaje?
Ndani ya kisanduku, kikaratasi cha maegesho,
maandishi kama nyayo za kuku,
na kibanio cha nywele, cha mtoto.
Nimekirudisha palepale.

Fundi Mbijili akaja kumwaga oili,
akainamisha kichwa dirishani.
"Na saa hii niibadilishe, mama. Bado inahesabu ya kwao."
Nikatazama. Jua ndiyo kwanza linachungulia juu ya mabati ya shule.
Simu ya fundi: 7:02.
Saa ya gari: 1:02.
Nikaisoma kwa sauti, kama bibi yangu angeisoma:
saa moja na dakika mbili, asubuhi.
"Iache," nikamwambia.
"Hii imekuja inajua Kiswahili."

Nikaipiga picha, nikamtumia dalali.
Akajibu kwa sauti: kicheko kirefu,
na watoto nyuma yake wakigombea kitu,
sufuria, mlango, maisha ya mtu.
Kisha kikohozi kile.
"Mama, huna jirani anayetaka gari?"

Nyemo yuko ukutani tangu asubuhi,
anajifanya anaanika kanga.