Kijiti Kimoja

Niliipandisha gizani, imeviringwa shuka,
ngazi tisini na mbili hadi ghorofa ya tano,
nikikohoa kila kona ili isisikike ikigonga ukuta.
Pale chini, kwa rangi nyekundu, mwandiko wa Bi Nyakio mwenyewe:
HAKUNA HITA. HAKUNA KOILI. HAKUNA KUKU.
(Kuku tunamjua. Alikuwa wa Mutinda.)

Ni ya mtumba, ya Gikomba.
Vijiti viwili: kimoja hai, kimoja marehemu.
Muuzaji alinionyesha kile hai,
kingine akakifunika kwa kiganja
kama mtu afichaye umri wake.

Lakini Julai ya Zimmerman haiombi ruhusa.
Hupita chini ya mlango bila hodi,
hujinyoosha juu ya saruji kama mwenye nyumba,
kisha hupanda godoro.
Taulo la juzi bado bichi.
Mafuta ya nazi yamekuwa jiwe, unayachimba kwa kijiko.
Na katikati yetu, mimi na Kerubo,
kilo mbili na robo za Moraa
aliyefika kabla hajaitwa.

“Apate joto,” muuguzi alisema, akiandika jambo jingine.
“Joto gani?”
“Joto tu.”

Jiko la makaa? Kerubo alikataa kabla sijamaliza neno.
Anaijua nyumba moja kule Githurai
iliyofunga madirisha, ikaingiza jiko, ikalala.
Hasimulii zaidi ya hapo.
Hunyanyuka tu, hata sasa, katika baridi hii,
akaacha dirisha wazi upana wa kidole.

Basi kijiti kimoja.
Nilipochomeka kilinuka kwanza vumbi la nyumba ya watu wengine,
kikalia tiki, tiki,
kikawa kahawia, kikawa pilipili iliyoiva,
na ukuta wetu ukaona haya.
Kerubo akatundika nepi. “Mbali!” akajiambia mwenyewe,
akahesabu hatua tatu, akaongeza ya nne.
Moraa akafungua ngumi.
Sikuwa nimewahi kuviona vidole vyake vyote kwa pamoja.

Juu ya mlango mita ikapepesa jicho lake jekundu
mbio kuliko moyo wangu.
Tokeni ya mia mbili hufika alfajiri ikichechemea.
Nikajifunza hesabu mpya:
saa moja iwake, nusu saa izime,
chai bila maziwa, kazini kwa miguu,
iwake tena.

Usiku wa kumi na moja, paa!
Giza. Jengo zima likaguna “Aaah!”
ghorofa kwa ghorofa, kama ndoo iliyoponyoka ngazini.
Kwa Mutinda penalti ilikuwa bado hewani.
Nikachomoa, nikasimama mbele ya hita,
kana kwamba mtu anaweza kuficha joto.

Bi Nyakio aliingia na tochi ya simu,
kofia ya sufi, makoti mawili.
Akamulika soketi: plastiki imeyeyuka, mdomo umepinda.
Akamulika hita. Akanimulika mimi.
Akamulika kitanda, na papo hapo akaizima.

“Ana wiki ngapi?”
“Tano.”

Nilimsikia akinipita gizani.
Akaweka viganja juu ya chuma kilichobaki na vuguvugu,
akakaa hapo
muda mrefu kuliko unaohitajiwa na ukaguzi.
“Soketi hii ingewachoma kama karatasi,” akasema.
Akatoka, akihesabu ngazi kwa sauti.

Asubuhi akaja fundi Otiato na waya nene
na soketi mpya, hakusema katumwa na nani.
Agosti, risiti ya kodi ilikuwa na mia tano ya ziada,
mbele yake kistari, bila neno.
Sikuuliza.

Tangazo liko palepale.
Nalisoma kila jioni nikipanda, kwa heshima zote,
hadi kwenye kuku.
Halafu juu, shuka ileile, kijiti kilekile,
na dirisha, upana wa kidole,
likituletea ndani baridi ya watu wote.