Niisikie Ikiwa Baridi

Nunzio ameiegesha uani, kivulini,
chini ya mashuka ya jirani wa ghorofa ya pili,
na maji yanadondokea kiti,
tone, kisha tone,
kama mtu anayehesabu pesa zisizo zake.

Ni skuta ya bluu. Bluu ya zamani, niseme hivyo.
Imetembea kilomita elfu ishirini na tatu, anasema,
na mita inakubaliana naye,
ila mita ni shahidi aliyenunuliwa chai.

Euro elfu moja na mia moja.

Mimi nafua mashuka ya hospitali, zamu ya alfajiri.
Basi la saa kumi na dakika arobaini
Jumatatu huja, Jumanne huja likipenda,
Jumatano ni dua.
Nimeshatembea Catania yote gizani
viatu vya kazi vikiwa ndani ya mfuko wa nailoni,
mbwa wa soko la samaki wananijua kwa jina.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza,
lakini skuta sharti itembee,
sasa methali hii niitumieje?

Halafu kuna mlima.
Mlima ukikohoa usiku
kunakucha barabara zimemwagiwa mchanga mweusi,
na magurudumu mawili juu ya mchanga ule
ni ng'ombe juu ya mtama uliomwagika.
Mpwa wangu Saro alivunjika mfupa wa bega
akienda kununua sigara. Mita mia mbili tu.
Ndiye huyohuyo anayenishauri kwa simu:
"Tikisa usukani, shangazi. Chungulia breki.
Na kabla hajaiwasha,
gusa injini."

Nikagusa.

Ilikuwa na joto la mkate.

"Jua," akasema Nunzio,
akitazama juu, kwenye mashuka,
ambako jua halijafika tangu nyumba ijengwe.
Sikusema neno. Nikamwambia nitafikiria,
naye akaniambia kuna kijana kutoka Acireale
anayeitaka sana. Daima yupo kijana.

Jumapili sina zamu.
Saa kumi na moja alfajiri nikasukuma geti lake bila hodi.

Waya mrefu ulining'inia kutoka dirisha la jikoni,
na mwisho wa waya, Nunzio,
amepiga magoti kwa pajama na kandambili,
anaipuliza kabureta kwa draya ya nywele.

Tukatazamana.
Draya ikaendelea kuvuma kama haijaniona.

"Ya binti yangu," akasema hatimaye, "Cettina. Yuko Stuttgart.
Aliniachia vyote viwili."
Nadhani alimaanisha draya na skuta.
Nadhani hakumaanisha hivyo tu.

"Zima," nikasema. "Tuingoje ipoe.
Nataka niisikie ikiwa baridi."

Akaleta kahawa. Tukakaa kwenye ngazi
tukiingoja mashine isahau ilichofanyiwa.
Akanionyesha kutu chini ya ubao wa miguu
bila kuulizwa. Akanionyesha taa ya nyuma,
iliyobandikwa kwa gundi ya viatu.
Nikaona kwamba mtu akishaumbuka mara moja
hupata wepesi fulani, kama aliyetua mzigo.

Kiki ya kwanza: kimya.
Ya pili: kikohozi cha mvutaji.
Ya tatu, ya nne. Nunzio anajifuta jasho.
Ya tano sikutaka kuitazama.
Ya sita ikawaka,
kwa hasira, kwa moshi wa samawati,
ikamwamsha jirani na mashuka yake.

"Mia tisa," akasema kwa sauti ya juu.
"Mia saba na hamsini," nikasema, "na draya iwemo."

Akanitazama. Akatazama draya.
Mkono wake ukaufuata waya taratibu, ukaukunja
mara moja, mara mbili, kiwikoni.

Hajajibu.
Nami pesa sijazitoa, ziko soksini.
Injini inanguruma baina yetu,
na juu ya kiti, pale palipokuwa pakidondokewa na maji,
punje nyeusi za mlima
zimeanza kutua.