Nafasi ya Mshono

Futi yangu imechakaa kwenye thelathini na sita
kwa kuzunguka vifua vya Kibuye miaka ishirini na miwili.
Najua inavyodanganya: hulegea kwa joto,
na mteja akivuta pumzi
inampima mtu mwingine.

Kwa hiyo sikushangaa sana, Daktari Oguya,
mashine ya kwanza iliponilaza titi
kama pasi ya makaa inavyolaza kola,
ikasema ishirini na nne.
Wala Khavere, na jeli yake baridi, na mkono wake wa taratibu,
alipotia msalaba huku, msalaba kule,
nukta nukta katikati,
akasoma: kumi na tisa.

Milimita tano.
Usiku nilizipanga mezani:
vifungo viwili vya shati, kimoja juu ya kingine.
Apondi akasema, "Mama, chagua ile ndogo,"
utadhani tuko kwa muuza omena, tunaomba apunguze.

Nikakuuliza ipi ya kweli.
Ulichukua bahasha ya picha, ukachora mgongoni mwake:
uvimbe si kifungo, una vidole,
picha moja huona ngumi,
nyingine huona na vivuli vya vidole,
na ipo siku zote mbili hukosea.
"Nitakata na nyama nzima kidogo kuuzunguka," ukasema,
"nisije nikaacha."

Hapo ndipo nilipokuamini.
Fundi anayekata juu ya chaki yenyewe
atakuja kutafuta kitambaa asikione.
Sisi huacha nafasi ya mshono.
Hukunjwa ndani, hakuna anayeisifia harusini,
nayo ndiyo iliyoshika gauni.

Leo karatasi ya maabara imefika.
Mvua inapiga bati, stima imepotea Kondele nzima,
Apondi ananimulikia kwa simu.
Ishirini na saba.
Si ya kwanza, si ya pili.
Nikatafuta mahali pa kukaa.
Kisha yeye, mwenye macho ya ujana, akasoma mstari wa chini,
wa herufi za kubania:
kingo zote safi.

"Soma tena."
Akasoma.
"Tena."

Kesho nitajipima mwenyewe, kushoto na kulia,
nambari mbili sasa, kila moja na mkato wake,
nishone ile blauzi ya kijani iliyolala tangu Pasaka.
Pembeni nitaacha vidole viwili.