Daftari la Matumbo

Kazi yangu pale Nyegezi ilikuwa kupasua.
Mizani, mkasi mdogo wa kushonea,
na daftari la mistari mipana:
tarehe, samaki, urefu, tumboni mna nini.
Ziwa sikulijua kwa mawimbi.
Nililijua kwa nani kamla nani.

Mwaka wa kwanza sangara walijaa furu:
furu wa mawe, furu wa matope, furu mla konokono,
furu mmoja mwizi, anyofoaye magamba ya wenzake.
Malegesi alinitajia majina, nikaandika
mpaka penseli ikawa fupi kuliko kidole.

Ukurasa wa arobaini na moja, furu watatu.
Arobaini na tano, hakuna.
Nikaandika: uduvi. Uduvi. Uduvi.
Halafu siku moja ya masika nikapasua sangara wa kilo tisa
nikakuta sangara.
Nikanawa mikono mara mbili, sijui kwa nini.

Mama, kule Igombe, daftari lake lilikuwa kichwani.
Furu aliwaanika juu ya jiwe, jua likamaliza kazi.
Sangara ana mafuta, jua halimwezi;
anataka moshi, moshi unataka kuni,
na kilima cha nyuma ya nyumba kikabaki mawe.
"Samaki huyu," akasema, "anakula mpaka miti."
Hilo nililiandika pembeni. Halikuwa na safu.

Mvua ikashusha udongo, maji yakawa chai ya maziwa.
Furu jike humchagua dume kwa rangi.
Rangi isipoonekana?
Wakaoana kama watu waliokutana gizani,
wakazaa watoto wasiofanana na jina lolote la Malegesi.

Mdiria wa gatini, aliyezoea kutema mifupa ya furu,
akaanza kutema ya dagaa, kama sindano zilizovunjika.
Samaki mdogo, tumbo lile lile:
nilimhesabu akipiga mbizi mpaka chai yangu ikapoa.

Yakaja magugumaji, kijani mpaka Luchelele,
mitumbwi ikakwama, kamongo akanenepa kivulini.
Wakaletwa mbawakavu, wadogo kama punje za ulezi.
Wakatafuna miaka. Gugu likazama, likaoza,
na kamongo akaenda kutafuta kivuli kingine.

Wiki yangu ya mwisho kabla ya kustaafu
(nyavu zilishawapunguza sangara, wakubwa walikuwa wachache)
nikapasua mmoja mwembamba.
Ndani, furu wawili. Kijivu, macho makubwa,
mataya ya mtu aliyezoea kutafuna kitu kigumu.
Malegesi tulishamzika Ukerewe.
Nikarudi ukurasa wa kwanza, nikashuka na kidole:
hakuna aliyefanana nao.

Wande, binti aliyekuja kupokea mkasi,
tayari ameshika kalamu.
"Niandike furu tu?"

Ngoja, nikamwambia.
Tuangalie meno kwanza.